Acheni kuhesabu vijisanduku vya kijani

Kuna hii tabia imeota mizizi kwenye kazi yetu na inanikera mpaka nimeona niandike tu. Mtu anaomba kazi ya kuandika programu, anatuma CV yake, kabla hata haijasomwa mstari wa pili mtu wa upande wa waajiri ameshabonyeza linki ya GitHub, ile tovuti ambako watu huweka msimbo wa programu zao, ameangalia ule mchoro wa vijisanduku vya kijani, kimoja kwa kila siku, akiona kijani kingi anasema huyu anajituma, akiona kijivu anasema huyu hana mapenzi na kazi, basi, imeisha hiyo. Mimi nakaa upande wa wanaochuja maombi, vikao vya namna hiyo navijua, na ninachoandika hapa ndo hichohicho ninachosema kule: ule mchoro haumjui huyo mtu, na anayeutumia kuchuja watu anawaacha nje watu wazuri wala hatakaa ajue aliwaacha.

Kwanza tuelewane kile kitu kinahesabu nini mana wengi wanaokitumia hawajawahi kuuliza. GitHub waliuleta huo mchoro 2013. Ili komiti yako, yaani badiliko la msimbo ulilolihifadhi kwa jina lako, ipate kijani lazima iwe kwenye tawi kuu la ripo (ghala la msimbo wa mradi), lazima barua pepe iliyoandikwa ndani ya komiti iwe imeunganishwa na akaunti yako, alafu ripo isiwe foku, yaani nakala, ya mradi wa mtu mwingine. Kwahiyo mtu anaweza akakaa miezi kwenye tawi la pembeni anajenga upya mfumo mzima wa malipo, mchoro ukabaki karibu mkavu wote huo muda, na siku tawi linaingizwa timu ikaamua kuzibana komiti zote kuwa moja, basi kazi ya miezi inahesabika kama komiti ya siku moja. Mwingine lapitopu ya ofisini ina barua pepe ya ofisini ambayo hakuiunganisha na akaunti yake, mwaka wake mzima haupo. Na mwingine anabadilisha nukta moja kwenye README, lile faili la maelezo ya mradi, kila asubuhi, huyo ndo anang'aa kijani januari mpaka disemba. Kazi ya kwenye ripo za siri wageni hawaioni mpaka mwenyewe awashe ruhusa, na ruhusa yenyewe imekuja 2016. Kilichofanyika kwenye tovuti nyingine kama GitLab na Bitbucket, au kwenye seva ya ndani ya kampuni, kwa kawaida hakipo. Hata GitHub wenyewe, mwaka huohuo 2016, walikiondoa kile kihesabio cha siku mfululizo kilichokuwa kinafanya watu wakomiti chochote jumapili usiku ili tu mstari usikatike.

Na hiyo ni kwa watu waaminifu. Sasa tuje kwenye tarehe. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo GitHub imejengwa juu yake, ilianzishwa na Linus Torvalds 2005 kwa ajili ya kernel (kiini) ya Linux, na haikujengwa kuwa daftari la mahudhurio. Jina, barua pepe na tarehe ndani ya komiti ni vile wewe ulivyoiambia. Na ina sababu nzuri tu, kule kwenye kernel watu wanatumiana mabadiliko kwa barua pepe, anayeandika ni mmoja na anayeingiza ni mwingine, siku tofauti, kwahiyo Git inatunza majina mawili na tarehe mbili kwa kila komiti. Kwa kuendesha mradi ni sahihi kabisa. Lakini maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuandika tarehe ya mwandishi (GIT_AUTHOR_DATE) ya mwaka juzi na akajaza mwaka mzima kwa mchana mmoja, na kuna vijiprogramu vya wazi kabisa vinavyokuchorea maneno na picha kwenye mchoro wako, unachagua tu unataka kuandika nini. Ile alama ya Verified nayo inakuambia kwamba komiti imesainiwa na ufunguo wa kidijitali unaotambulika kwenye hiyo akaunti. Kama msimbo wenyewe una maana au hauna, hilo haikuambii.

Nyota, zile alama watu wanazoipa ripo waliyoipenda, ndo usiseme. Nyota zinanunuliwa, kuna watu ndo biashara yao. Na hata kuchangia miradi ya watu, ambako zamani tulikuwa tunasema hapo hapadanganyiki, tuliona 2020 kwenye Hacktoberfest, kampeni ya Oktoba ya kuchangia miradi huria: ahadi ya fulana ya bure ikaleta mafuriko ya pul rikwesti (maombi ya kuingiza badiliko lako kwenye mradi wa mwingine) za kipuuzi, mtu anaongeza neno moja kwenye README ya mradi asioujua anaondoka, mpaka walezi wa miradi wakalia na kanuni zikabadilishwa siku chache tu baada ya mwezi kuanza, ikawa mradi unashiriki ukikubali wenyewe. Ukishahesabu kitu na ukakipa zawadi watu watakuletea hicho kitu, na hapa kitu kinachohesabiwa ni rahisi mno kukitengeneza.

Lakini mimi wanaoniuma zaidi sio wanaodanganya. Wanaoniuma ni wale ambao profaili zao ni nyeupe kwa sababu za heshima kabisa.

Fikiria mtu ameandika programu za benki miaka minane. Hakuna mstari hata mmoja anaoruhusiwa kukuonyesha. Mkataba wake unasema kila anachoandika ni mali ya mwajiri, mikataba mingine inaenda mbali mpaka inadai hata anachoandika nyumbani usiku kwenye mashine yake mwenyewe. Huyu akiheshimu mkataba, nyie mnamkata kwa sababu aliheshimu mkataba, alafu mkishaajiri mtu mwingine mnampa mkataba wenye kifungu hichohicho. Hebu jamani. Au mtu wa mifumo ya hospitali, data za wagonjwa, unataka aweke nini wazi? Kuna rika zima pia walioanza kabla ya 2019, mana kabla ya hapo akaunti ya bure ya GitHub haikuwa na ripo za siri, ukitaka kuficha kazi yako ulilipa au ulienda kwingine, wengi walienda kwingine na wakabaki hukohuko.

Alafu kuna muda. Hili linasemwa kwa haraka sana kwenye vikao, "kama anapenda kazi atapata muda". Nani huyo anayepata muda? Anayepata muda ni asiye na mtoto mchanga, asiye na mzazi mgonjwa wa kumwogesha, asiye na kazi ya pili, asiyetoka kazini saa moja usiku akafika nyumbani saa tatu. Ukifanya kazi ya bure ya usiku kuwa sharti la kuitwa kwenye usaili, umeweka sharti ambalo halihusiani na kazi yenyewe, na unajua kabisa litawaangukia akina nani. Kwenye uchunguzi wa GitHub wenyewe wa 2017 kuhusu watu wa programu huria, waliojibu asilimia 95 walikuwa wanaume na 3 tu wanawake. Na mwaka huohuo ulichapishwa utafiti kwenye jarida la PeerJ Computer Science, walipima pul rikwesti zinavyokubaliwa, wakakuta kwa ujumla za wanawake zinakubaliwa zaidi ya za wanaume, ila kwa wachangiaji ambao mradi hauwajui, mwanamke ambaye profaili yake inaonyesha wazi kuwa ni mwanamke alikubaliwa kidogo kuliko yule ambaye profaili haionyeshi. Soma tena hiyo sentensi pole pole. Kwahiyo mtu anaweza kuwa amekaa mbali na uwanja huo kwa sababu anajua unamtendeaje, au yupo humo kwa jina ambalo hatakupa kwenye CV. Na wewe unaona ukurasa mweupe unasema hajitumi.

Sasa kuna hoja ya upande wa pili na naikubali kwa moyo wote, sitaki mtu aseme nimeiruka. Kwa mtu asiye na digrii, asiye na jina la kampuni kubwa kwenye CV, aliyejifunza mwenyewe kwa video na kwa kuvunja vitu, kazi ya wazi ndo mlango wake, wakati mwingine ndo mlango pekee. Nimewaona watu wa hivyo wakiingia na wakawa nguzo za timu. Anayeniambia tuache kabisa kuangalia kazi za wazi turudi kwenye vyeti na majina ya vyuo, huyo naye namkatalia. Kwahiyo msimamo wangu ni huu: kazi ya wazi ikiwepo isomwe na imwongezee mtu, isipokuwepo isimpunguzie kitu. Hata kidogo. Wala isiwe ile ya kusema "haina uzito" alafu ikija kwenye wawili wanaolingana mnamchukua mwenye kijani, hapo tayari imempunguzia mwenzake.

Na nikisema isomwe namaanisha isomwe, sio kupekuliwa. Wengi wanafungua zile ripo sita zilizobandikwa juu ya profaili, wanaona apu ya orodha ya mambo ya kufanya, apu ya hali ya hewa, nakala ya ukurasa wa Netflix, wanacheka wanafunga. Hizo ni kazi za mafunzo, kila aliyejifunza amepita humo, hazimwambii mtu ni mbovu wala mzuri, zipite tu. Wengine wanakuta msimbo wa miaka mingi nyuma, wa mwaka wa kwanza chuoni, wanauhukumu kama ameuandika jana. Angalia tarehe kwanza (ndio, tarehe zinaweza kudanganya, ila bado ni pa kuanzia).

Mimi naenda kwenye mazungumzo. Mtu akiwa na mradi wenye watumiaji hata watano, kuna mahali wamelalamika, nenda hapo. Nakumbuka dada mmoja aliyeomba kwetu, profaili yake ilikuwa jangwa, ripo moja tu ya maana, kiprogramu cha kusogeza muda kwenye mafaili ya maneno ya chini ya filamu, yale ya SRT, pale maneno yanapotangulia midomo. Hakuna nyota za kuhesabu. Lakini mtu alikuwa ameandika hapo kwamba faili lake linakataa, mstari wa kwanza tu unagoma, bila maelezo mengine. Yeye hakujibu "kwangu inafanya kazi". Aliomba faili lenyewe, akalifungua baiti kwa baiti, akakuta mwanzoni kuna zile baiti tatu EF BB BF ambazo programu nyingine huziweka kuonyesha kwamba faili ni la UTF-8, mfumo mmoja wa kuhifadhi herufi, jicho halizioni lakini kisomaji chake kilikuwa kinategemea kitu cha kwanza kiwe namba. Akaandika kwanza jaribio linalofeli kwa hilo faili, akalikomiti peke yake, alafu ndo akarekebisha kwenye komiti ya pili, na ujumbe wa komiti ukaeleza kwa nini, sio nini tu. Akarudi kumshukuru mlalamikaji na kumwambia toleo gani achukue. Yote hayo yapo kwenye kurasa mbili. Mimi sihitaji mchoro baada ya hapo, mana nimeshaona anavyomtendea mtu aliyekuja na malalamiko yasiyo na maelezo, anavyotafuta chanzo badala ya kuziba tundu, na anavyomwachia anayekuja nyuma yake alama za kufuata. Kazi yetu ya kila siku ni hiyo.

Vitu vingine ninavyotafuta: alipochangia mradi wa mtu akakataliwa, alijibuje? Kuna anayegeuka matusi, kuna anayepotea, na kuna anayeuliza swali moja zuri akarudi na kitu kidogo zaidi kinachokubalika. Je anafuta? Komiti inayoondoa mistari mia mbili na kila kitu kikaendelea kufanya kazi mimi huisoma kwa furaha kuliko inayoongeza elfu mbili. Na ukubwa wa komiti zenyewe, mana mtu anayekata kazi yake vipande vinavyosomeka amemfikiria msomaji.

Hata hivyo, siku hizi hata huo usomaji hautoshi peke yake. Copilot, zana ya AI inayoandika msimbo, ilianza kuonyeshwa 2021, ChatGPT ikaja mwishoni mwa 2022, na tangu hapo ripo nzuri yenye README ya kupendeza, majaribio na beji zote inaweza kuzaliwa jioni moja. Sisemi kutumia hizo zana ni dhambi, sisi wenyewe ofisini tunazitumia. Nasema muonekano wa ripo umekuwa rahisi, kwahiyo ushahidi umehamia kwingine. Kaa na mtu, mfungulie faili lake mwenyewe, muulize kwa nini hapa ulitumia foleni na sio kuandika moja kwa moja kwenye database, nini kingevunjika watumiaji wakiwa mara kumi, hapa ungefanya tofauti wapi leo. Aliyeifanya kazi, hata kama alisaidiwa na zana, ana majibu, na ana majuto madogo madogo kuhusu hiyo kazi, na akianza kuyaeleza hayo humkatizi. Ambaye hakuifanya anarudia yaliyoandikwa kwenye README.

Na kwa wasio na kitu cha kuonyesha? Hapo ndo watu wanakwama wanarudi kwenye mafumbo ya ubaoni, geuza mti wa data, panga namba bila kutumia hiki wala kile. Mnamkumbuka Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, 2015 alisema hadharani kwamba Google walimkataa kwa kushindwa kugeuza mti ubaoni, wakati mainjinia wao wengi wanatumia programu yake kila siku. Yaani tunatoka kwenye kosa la kuabudu kazi za wazi tunaingia kwenye kosa la kutoangalia kazi kabisa.

Wanasaikolojia wa kazi wamelipima hili muda mrefu na sio siri. Schmidt na Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 wakachapisha 1998: kumpa mtu kipande cha kazi halisi kulihusiana na utendaji wake baadae kwa 0.54 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), usaili uliopangwa, yaani kila mtu anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, 0.51, miaka ya uzoefu 0.18. Mwaka 2022 Sackett na wenzake wakarudia hesabu wakaona marekebisho ya kihesabu ya zamani yalizikuza namba kupita kiasi, namba zikashuka, usaili uliopangwa ukaongoza kwa 0.42, maarifa ya kazi 0.40, kipande cha kazi 0.33, na miaka ya uzoefu ikaanguka mpaka 0.07. Humo hakuna kipimo kinachotabiri kila kitu, namba zenyewe ni za unyenyekevu. Lakini mambo yanayoongoza ni yale ya kawaida kabisa ambayo timu yoyote inaweza kuyafanya jumatatu: maswali yaleyale kwa wote, kazi inayofanana na kazi, alama ziandikwe na kila mmoja kabla hamjaanza kujadiliana mana bosi akishasema "mimi nimempenda" mjadala umekufa.

Na hicho kipande cha kazi kiwe kifupi, tafadhali. Nimeona waombaji wanapewa kazi ya wikiendi nzima, bila malipo, alafu hawajibiwi hata "asante". Ile ni kodi ya muda ileile niliyoisema juu, imebadilishwa jina tu. Saa moja na nusu inatosha: mpe msimbo usio wake wenye bagi (hitilafu) la kweli, mwache asome, akuulize, arekebishe, mkiwa wote. Ukitaka zaidi ya hapo mlipe.

Kwetu tulipigania jambo moja dogo kwenye fomu ya maombi na likapita. Lile boksi la linki ya GitHub lilikuwa la lazima, usipojaza fomu haiendi, tumelitoa. Badala yake kuna swali: kuna kazi yako yoyote ungependa tuisome au tuisikie? kama ipo mtandaoni tuambie faili gani na kwa nini hilo, kama haipo tueleze kwa maneno, bila kutoa siri ya mwajiri wako. Majibu yanayokuja hayafanani kabisa na yale ya zamani. Kuna anayeleta faili moja la mistari sitini anayolipenda na anakuonyesha mstari gani ulimsumbua. Kuna aliyetueleza, bila kutaja kampuni wala jina la mfumo, walivyohamisha database kubwa kwenda toleo jipya huduma ikiendelea, waliandika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, wakalinganisha usiku kucha, wakakuta tofauti kwenye tarehe za watu waliozaliwa kabla ya 1970 mana mtu mmoja zamani alizihifadhi kama sekunde zinazohesabiwa kuanzia 1970, zisizokubali namba hasi. Profaili yake ilikuwa nyeupe kama karatasi. Tulimwita, na saa ya usaili ilituishia tukiwa bado kwenye hizo tarehe.